Kichujio cha Salamu

Mimi ni mwoga, na ni vizuri niseme mapema. Watu wakisikia natengeneza programu za kompyuta hudhani nina moyo wa chuma. Sina. Nakaa kwenye stoo ya duka la vipuri la baba yangu mdogo, Twaha, hapa Karatu mjini, katikati ya springi na shokapu za magari ya watalii, na kutwa nzima naogopa. Naogopa barua pepe kuliko kitu chochote. Zile zinazoanza kwa jina langu, "Mpendwa Kauthar," halafu zinaniarifu kwa adabu zote kwamba nimeshatumia asilimia themanini na tano ya saa zangu za bure za mwezi huu.

Nina mkataba na ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Kazi naifanya nikiwa mbali. Ofisini kwenyewe nimefika mara tatu tangu nianze. Kazi yenyewe ni hii. Kuna wahudumu wa afya wa vijijini kumi na sita, upande wa Malambo, Soitsambu na Loliondo. Mmoja wao akipata mgonjwa wa dharura anatuma meseji ya kawaida kwenye namba moja. Laini ya namba hiyo iko kwenye simu ya zamani iliyolala kwenye rafu yangu, imechomekwa chaji muda wote. Simu inapokea ujumbe na kuusukuma kwenye seva kwa intaneti. Seva inatambua umetoka kijiji gani, inamwita dereva wa gari la wagonjwa lililo karibu, na inamjibu mhudumu neno moja: "Imepokelewa." Ni kitu kidogo. Nilikiandika kwa wiki tatu, nikajisifu kwa miezi.

Tatizo ni seva. Seva ni kompyuta ambayo haizimwi, na lazima ikae mahali, na mahali panalipiwa. Bwana Clemensi, mratibu wa mradi, aliniambia mwaka ule hapakuwa na fungu la seva, na kuomba nafasi kwenye seva za serikali ni barua inayopita meza tano. "Dada Kauthar, hili ni jaribio tu," alisema. "We weka popote kwanza." Nikaweka kwenye kampuni moja ya nje inayogawa nafasi bure. Hata iko nchi gani sijui. Jaribio lilikuwa la miezi mitatu na sasa tuko mwezi wa kumi na nne. Kwenye fomu ya ripoti, pale panapouliza mfumo umehifadhiwa wapi, kila mara najaza "Mahali salama." Clemensi anasaini. Hajawahi kuniuliza ni wapi, na mimi sijawahi kumwambia.

Kitu cha bure kina masharti yake, na masharti ya hiki niliyasoma yote, si kwamba nilidanganywa. Seva isipopata kazi kwa robo saa inalala. Ujumbe ukiingia inaamka, inachukua dakika nzima kujinyoosha, inafanya kazi, inakaa macho robo saa nyingine, inalala tena. Kila muda iliokaa macho unakatwa kwenye saa za mwezi. Saa zikiisha inazimwa mpaka tarehe mosi. Nilipiga mahesabu: dharura ishirini, thelathini kwa mwezi, saa zitabaki tele. Kitu ambacho sikukiweka kwenye mahesabu ni salamu.

Nilikuwa nimewafundisha siku mbili, Loliondo. Andika kijiji, andika shida, tuma. Walitikisa vichwa vyote kumi na sita. Walipofika kwao wakafanya wanavyojua wao, kwa sababu kule mtu hamwingii mwenzake na shida mkononi kama askari aliyekuja kukamata. Asubuhi mhudumu anatuma salamu. Mashine inamjibu "Imepokelewa," naye anaona ni jibu kavu lakini ni jibu, basi anashukuru. Shukrani nayo inajibiwa. Jioni anauliza siku imekwendaje. Bingwa wao alikuwa Mepukori, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, boma lake liko ng'ambo ya korongo, mbali na Malambo. Nilimwambia siku ya mafunzo kwamba mama yangu anaumwa goti. Tangu hapo hakupitisha siku bila kuliuliza goti lile, pamoja na mvua ya Karatu, kazi, na mzee wa duka ambaye hajawahi kumwona.

Kila salamu ilikuwa inaiamsha seva. Mwezi uliopita saa za bure ziliisha tarehe ishirini na nne. Siku zote zilizobaki nilikaa na ile simu mapajani, kila meseji naisoma mwenyewe, madereva nawapigia mwenyewe, na Clemensi nikamwambia tuko kwenye matengenezo. Chakula hakikupita. Nikaapa hali ile haitanirudia.

Mwezi mpya ulipoanza niliandika kichujio. Nilikiita hivyo kwa sababu ya kichujio cha chai: majani yabaki, chai ipite. Kinasoma neno la kwanza la ujumbe. Likiwa habari, hujambo, shikamoo, salamu, takwenya, tumsifu, ujumbe unabaki ndani ya simu, hausukumwi kwenye seva, hauamshi kitu, wala haujibiwi. Niliweka mpaka asalamu, neno ambalo nyumbani kwetu huwezi kuvuka kizingiti bila kulisema. Nilikijaribu mara tano kikafanya kazi vizuri mara zote tano. Majaribio yote niliyatuma mimi, na mimi meseji zangu huanza na shida.

Zikapita siku kumi na moja. Barua pepe za onyo zilikoma. Nikaanza kulala, nikaanza kula, nikamtania baba mdogo kwamba sasa nimekuwa fundi kamili.

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, ukungu wa Karatu ulikuwa bado haujaondoka barabarani. Baba mdogo aliingia stoo kutafuta beringi ya gurudumu kwa ajili ya mteja. Akaisogeza simu ili avute boksi lililokuwa nyuma yake, kioo kikawaka mkononi mwake. Alikaa akikitazama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Kauthar," alisema, "kumbe humu kuna watu wanakusalimia na wewe huwajibu?"

"Hizo ni za mfumo, baba mdogo. Ziache."

"Za mfumo zipi? Huyu hapa, Selina wa Soitsambu, 'Tumsifu Yesu Kristo dada, umeamkaje.' Siku nane hizi. Huyu Senteu, 'Salamu sana dada Kauthar, mbona kimya.' Mtoto wa watu anakuuliza mbona kimya." Akashusha pumzi ya kunionyesha kwamba amesikitika. "Hata kama ni kazi ya serikali, mwanangu."

Nilikuwa naendelea kuandika, mgongo nimempa. Ninakumbuka kwamba niliudhika. Nilitaka kumweleza habari za saa za bure, nikaona atanichosha.

"Na huyu wa leo," akaendelea, sasa anasoma kwa sauti ya kuhubiri. "'Habari za huko Karatu dada Kauthar. Mama anaendeleaje na goti. Na mzee wa duka hajambo.'" Akacheka kidogo. "Ananisalimia na mimi. 'Sisi huku tunaendelea vizuri isipokuwa...'"

Akanyamaza. Niligeuka kwa sababu ya kule kunyamaza.

"Soma," nikamwambia.

Alisoma yaliyobaki kwa sauti ya chini. "'Isipokuwa mke mdogo wa Kisioki, mimba miezi nane, anatokwa damu nyingi tangu usiku. Naomba gari. Ni mimi Mepukori.'"

"Imetumwa saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi na mbili."

Saa tatu nzima. Zile saa tatu nilizipitisha nikinywa chai ya maziwa na kurekebisha rangi ya kitufe kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeuomba. Ujumbe ulikuwa mita mbili nyuma ya kichwa changu. Nilijua, kabla hata sijaishika ile simu, kwamba ni kichujio na kwamba ni mimi.

Nilimpigia Mepukori. Hapatikani. Kule mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Mtu anapanda, anatuma, anangoja jibu kidogo, anateremka kurudi kwa mgonjwa. Nikampigia Martini, dereva wa gari la kituo cha afya. Simu iliita mara sita ndipo akapokea.

"Nipo, dada," alisema. "Naosha gari. Wiki hii kimya kabisa, nikasema leo Mungu katupumzisha."

"Martini, nenda kwa Mepukori. Sasa hivi. Kuna mama anatokwa damu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu usiku."

Hakuuliza kingine. Nilisikia ndoo ikianguka, mlango ukifungwa. "Njia ile ni saa moja na nusu nikikimbiza," alisema. "Korongo likiwa na maji, sijui." Akakata.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama na boksi la beringi kifuani. Mteja alimwita kutoka mbele, hakujibu. "Ni nini kimetokea?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa haraka na kwa maneno ya kitaalamu, nikitumaini yatanificha, seva, saa, kichujio. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaketi juu ya tairi.

"Kwa hiyo umeiambia mashine," alisema taratibu, "mtu akisalimia isimsikilize."

"Ndiyo, baba mdogo."

Hakunigombeza. Alitoka akamhudumia mteja wake, akarudi, akafunga mlango wa stoo na kukaa na mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za biashara. Kumwona amekaa pale kuliniogopesha zaidi, kwa sababu baba mdogo hufunga mlango siku ya msiba tu.

Kichujio nilikiondoa kwa dakika moja. Mistari tisa ya programu, nikaifuta. Kisha nikaanza kusoma zile meseji zilizobaki ndani ya simu, arobaini na tatu, moja baada ya nyingine, na kila nilipofungua moja niliona afadhali nife kuliko kuimaliza. Umeamkaje. Kazi inaendaje. Mvua imeanza huko. Nilikuwa nasoma salamu za watu kwa hofu, natafuta damu ndani yake. Nikaipata ya mtoto wa homa kali, siku nne nyuma, nikafungua zilizofuata haraka haraka mpaka nilipoiona nyingine ya mhudumu yule yule jioni yake: "Salamu dada, yule mtoto tulimpeleka kwa pikipiki, amepona, msisumbuke tena." Nikaisoma hiyo mara tatu. Niliona pia kwamba siku za mwanzo meseji zilikuwa nyingi, halafu zikapungua, na siku tatu za mwisho alikuwa Mepukori peke yake. Sikujua maana yake. Nilishukuru kwamba hazikuwa nyingi.

Kufanya kazi kwa mbali kuna raha moja ambayo hatuisemi: damu huioni. Kwangu mimi Malambo ni nukta ya kijani kwenye ramani, na mgonjwa ni mstari unaobadilika rangi akishachukuliwa. Sikuwa hata na jina la yule mama. Alikuwa mke mdogo wa Kisioki, mimba miezi nane, na sasa nilimwona mbele yangu kila nilipofumba macho, amelala kwenye ngozi, amezungukwa na wanawake, na mtu mmoja mlangoni akiangalia barabara ambayo hakuna gari. Baba mdogo akanipa maji.

Saa tano na nusu nilimpigia Clemensi. Nilimwambia yote, hata kampuni ya nje, hata ile "Mahali salama."

"Nimesaini hizo ripoti mimi," alisema mwishowe.

"Najua, bosi."

"Zote kumi na nne." Nilisikia anavyopumua, nikatambua kwamba na yeye anaogopa, na kuogopa kwake hakukuwa kwa ajili ya mke wa Kisioki. Au labda kulikuwa hivyo pia, simjui vizuri kiasi hicho. "Sikiliza, dada Kauthar. Usiandike neno kuhusu kichujio. Andika mtandao ulisumbua. Kila mtu anajua mtandao wa kule. Hakuna atakayeuliza."

"Na kama atafariki?"

"Ndiyo maana nakwambia uandike mtandao."

Nilifungua ukurasa wa ripoti. Niliandika: "Mtandao ulisumbua kuanzia asubuhi." Ilikaa vizuri sana pale. Ilikuwa sentensi ambayo mtu anaweza kuisoma na kugeuza karatasi. Nilihisi hofu ikipungua kidogo, na sitaficha, ilikuwa nafuu tamu.

Saa sita na dakika kumi Martini alipiga. Upepo ulikuwa unanguruma kwenye simu yake. "Nimewakuta njiani, huku upande wa korongo," alisema. "Walimpakia kwenye pikipiki, kazimia, wakamlaza chini kwenye kivuli cha mgunga. Anapumua. Siwezi kuongea." Basi. Nikabaki na neno moja, anapumua, na nikalishikilia kwa saa mbili, huku nikimwomba Mungu kwa ahadi ambazo hata wakati naziahidi nilijua ni za mtu mwoga.

Baba mdogo aliswali adhuhuri pale pale stoo, kati ya springi. Mimi nilishindwa kusimama.

Saa nane na robo alipiga Antonia, muuguzi wa kituo. Ni Mwiraqw wa hapa Karatu, tulisoma shule moja, na huwa hana maneno mengi.

"Yuko hai," alisema. "Damu imesimama. Presha inapanda polepole. Jioni tutampeleka hospitali kubwa."

"Anaitwa nani?"

"Noonkishu. Mtoto hatukumuwahi, Kauthar. Alikuwa wa kiume."

"Na kama Martini angemfikia kabla ya saa tatu? Gari lingetoka palepale saa moja."

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

"Labda," alisema. "Damu ilianza usiku, kwa hiyo sijui. Lakini Mepukori anasema alfajiri mtoto alikuwa bado anacheza. Labda." Kisha akaniambia ana kazi, na nikajua anayo kweli.

Nilimwambia baba mdogo. Alisema inna lillahi, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiacha pale. Sikulia. Nilikuwa naogopa kitu kingine sasa, nacho kilikuwa simu ya Mepukori. Nilijua atapiga. Mtu wa aina ile lazima angepiga.

Alipiga saa tisa kutoka kituoni, kwenye ile simu ya mfumo. Nilitoka nje, nyuma ya duka, kwenye uwazi wenye matairi ya zamani. Ukungu ulikuwa umeshaondoka na jua lilikuwa kali.

"Dada Kauthar, habari za huko."

"Nzuri, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo? Goti lake?"

"Linaendelea vizuri."

"Na mzee wa duka?"

"Hajambo, mzee. Anakusalimu."

"Huku mvua bado. Tunamngoja Mungu. Ng'ombe wanakwenda mbali." Aliendelea hivyo, nyasi, watoto, barabara, na mimi namjibu moja moja, nangoja lawama ianze. Haikuanza. Alipomaliza akakohoa.

"Mimi nimepiga kukuomba radhi," alisema.

Sikuelewa. "Radhi ya nini, mzee?"

"Tulikukosea, lakini hatujui tulikukosea nini. Siku kumi na moja tunasalimia, kimya. Tukakaa, mimi na Senteu na Selina na wengine, tukaongea kwa simu. Tukasema huyu binti alikuwa anatujibu siku zote, sasa hajibu, basi ana kinyongo. Nikawaambia wenzangu, jamani, tusimsumbue tena. Acheni kutuma mpaka mimi nifike Karatu, nikae naye, nimwulize. Kwa hiyo wao wakaacha."

Niliegemea ukuta. Zile meseji zilizopungua.

"Na usiku wa leo," akaendelea, sauti yake taratibu ile ile, "damu ilipoanza, Kisioki alisema tupande kilimani tutume. Nikamwambia ngoja. Mtu aliye na kinyongo na wewe humwamshi usiku, utamzidishia. Tungoje jua litoke, nimwandikie vizuri, nimwulize na mama yake, labda moyo utalainika. Tukangoja. Kwa hiyo kosa ni langu mimi. Nimemwambia hivyo Kisioki. Nilitaka na wewe ulisikie kutoka kwangu."

Kuna hofu ambayo mtu anaizoea, kama yangu ya barua pepe. Hii haikuwa hiyo. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Kulikuwa na mtu mzima, mhudumu wa watu, aliyekuwa tayari kubeba kifo cha mtoto kwa adabu yake, na kulikuwa na ripoti ndani, kwenye kioo, yenye sentensi moja nzuri. Nisingehitaji hata kusema uongo. Ningesema tu, pole sana mzee.

"Sikuwa na kinyongo," nilisema. "Mzee Mepukori, nisikilize. Ni mimi niliyezifunga salamu zenu. Nilikuwa nimeuweka mfumo mahali pa bure, na pale pa bure hawataki meseji nyingi, na niliogopa ofisi isije ikajua. Nikaiambia simu, mtu akianza kwa kusalimia, isipeleke. Ujumbe wako wa leo ulifika hapa saa moja na dakika kumi na mbili. Ulikuwa chumbani kwangu. Ukangoja saa tatu."

Nilisikia mbuzi huko aliko na mtu akiongea Kimaa.

"Saa tatu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kisioki yuko hapa kando yangu." Sauti yake ilikuwa imebadilika, si ya hasira, ila ilikuwa imepoteza ule upole wa kupanga maneno. "Mimi siwezi kumpelekea jambo hilo. Mwambie mwenyewe."

Nilitaka kumwomba asimpe simu. Nilishafungua mdomo. Lakini nilisikia simu ikipita mikononi, na pumzi ya mtu mwingine.

"Mimi ni Kisioki," sauti ya kijana ilisema, kwa Kiswahili cha shule. "Niambie."

Nikamwambia. Sikutaja mtandao. Nilisema polepole, kwa maneno ya kawaida, mahali pa bure, kichujio, saa tatu, chai niliyokuwa nakunywa. Sikuruka hata ile chai. Nilipomaliza nilingoja matusi, na ningeyapokea.

Hakunitukana. Akauliza, "Hiyo sehemu ya bure, bado mnaitumia?"

"Bado."

"Mke wa kaka yangu naye ana mimba. Miezi saba." Alikuwa anaongea kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. "Akianza kuumwa, tutume huko, au tusitume?"

Nilifikiria kuhusu barua ya kupita meza tano. Nilifikiria kuhusu saa zilizobaki mwezi huu, na tarehe iliyokuwa bado mbali, na Clemensi, na jibu ambalo fundi kamili angelitoa. Kweli ni kwamba sikujua kama ingefika. Sikuwahi kujua, miezi yote kumi na nne.

"Msitume," nilisema. "Nipigieni mimi. Saa yoyote, hata usiku. Kama ni meseji, leteni kwangu mimi."

"Wewe utapokea?"

"Nitapokea."

"Taja namba."

Nikaitaja namba yangu mwenyewe, si ile ya mfumo, tarakimu moja moja, na kila moja niliyoitaja nilisikia hofu ikiingia mahali ambapo nilijua haitatoka tena. Kisioki alikuwa anaiandika kwa kitu kinachokwaruza. Alipofika mwisho akanirudia zote kumi tangu mwanzo, ili kuhakikisha, na nikamwambia ndiyo, ni hiyo.